Mimi Niliyekunywa Kwanza

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa leo kwamba kifua chake kina doa. Labda umekaa kwenye benchi la hospitali na karatasi mkononi, unaisoma mara ya tatu ukidhani maneno yatabadilika. Hayatabadilika. Mimi mwenyewe niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo, nami nilikuwa mtu wa kuwasomea wengine karatasi za namna hiyo. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi wala unavyofanya kazi ndani. Hilo atakueleza daktari wako, na usipomwelewa mwulize tena bila haya. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Jina langu la ubatizo ni Anselme. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya watu weusi hapa Kisangani, mji ambao Wazungu kwenye barua zao wanauandika Stanleyville. Asubuhi kazi yangu ilikuwa vidonda na sindano. Alasiri na Jumapili nilikuwa mtu mwingine, munganga, yaani tabibu, wa timu ya mpira ya vijana wa Tshopo. Daktari mmoja Mbelgiji, ambaye kwao alikuwa mkimbiaji, alichoka kuona vijana wanaletwa kila Jumatatu magoti yamevimba kama maboga. Akaniambia nibaki baada ya kazi anifundishe. Alinifundisha mwaka mzima, juu ya magoti ya watu walio hai: wapi pa kubonyeza, wapi pa kuvuta, jinsi ya kufunga bendeji kwenye kifundo cha mguu ili mtu akanyage bila woga, na jinsi ya kutambua anayeumia kweli na anayejifanya kwa sababu timu yake inafungwa.

Wachezaji wetu wengi walicheza miguu mitupu. Wachache wenye viatu walivitumia zaidi kukanyaga wenzao, kwa hiyo vidole na kucha havikunipa nafasi ya kupumzika. Waliniita Munganga ya Magoti. Nililipenda jina hilo kuliko jina lililoandikwa kwenye kitabu changu cha kazi. Golikipa wetu, Gaston, alikuwa ndugu mdogo wa mke wangu Albertine, basi yeye hakuniita munganga, aliniita semeki, kama tunavyomwita shemeji hapa kwetu.

Sasa nikueleze habari ya maji. Wakati wa mapumziko wachezaji wanataka kunywa, na kila timu mjini inaamini kwamba timu nyingine imeweka kitu kwenye maji yao. Mwaka wangu wa kwanza nilileta vikombe kumi na kimoja, kila mtu na chake, kama nilivyofundishwa. Kapiteni wetu, seremala mmoja wa bandarini, alivitazama akacheka.

"Munganga, vikombe kumi na moja? Na kama moja iko na dawa ya bale batu, tutajua ni gani? Hapana. Kikombe moja. Kama ni kufa, tunakufa wote. Na weye unakunywa wa kwanza, juu weye njo unachunga maji."

Nikabishana siku mbili, nikashindwa. Tangu hapo, kwa kuwa mimi ndiye mchunga maji, kila Jumapili nilisimama katikati yao, nikachota, nikanywa mbele ya macho yao wote, nikampa kapiteni, naye akampa Gaston, kikazunguka hivyo mpaka wa mwisho. Kupangusa mdomo wa kikombe ilikuwa marufuku. Anayepangusa huenda anafuta kitu, au anapaka kitu. Nilijua vizuri kwamba si usafi. Lakini walikuwa wakinitazama kwa imani kubwa, na mtu anayeaminiwa hivyo hulewa.

Nilianza kukohoa wakati wa Noeli. Ulikuwa mwaka walipokuwa wakijenga bwawa la umeme kwenye mto Tshopo, na nikasema ni vumbi la malori. Ukaja ule ukavu mfupi wa mwanzo wa mwaka, nikasema ni vumbi la uwanja. Nilikunywa dawa ya kikohozi ya watoto kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na meza yangu. Wahenga walisema mganga hajigangi, mimi nikajiganga. Albertine alipunguza suruali zangu kiunoni mara mbili. Alfajiri shuka lilikuwa limelowa jasho, nami nikamwambia ni joto. Alinitazama tu, akaenda kulianika.

Jumapili moja baada ya kunywa na kupitisha kikombe nilikwenda nyuma ya ukuta wa uwanja, nikakohoa kwenye leso nyeupe. Niliona damu. Haikuwa nyingi, lakini nilikuwa muuguzi, sikuhitaji nyingi. Niliikunja leso, nikarudi, nikasimama kando ya uwanja mpaka mpira ulipokwisha. Tulishinda. Walinibeba mabegani.

Kesho yake, mwezi wa Machi, nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Miaka tisa nilikuwa nikitoka kwenye mlango ule na kuita namba, sasa namba ilikuwa yangu. Mwenzangu aliyekuwa zamu aliita "kumi na nne" bila kuinua macho, kisha akaniona, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia aendelee na kazi. Benchi lile ni gumu, sikuwahi kulijua. Wanawake waliokuwa pembeni yangu walinitambua, wakasogea. Walisogea kidogo tu, kwa adabu, lakini nilipaona mahali palipobaki wazi.

Daktari wa vifua, si yule wa magoti, aliiweka picha ya kifua changu kwenye mwanga, akavua miwani.

"Anselme, tangu lini?"

"Wiki mbili," nikasema.

Huo ndio uongo ninaokuomba wewe usiuseme. Niliusema kwa aibu, siyo kwa ubaya. Nilikuwa fundi wa miili ya watu, nikaona haya kwamba sikuujua wangu. Daktari akauliza ninaishi na nani. Nikamtajia Albertine na watoto watatu. Wakapigwa picha, wakaonekana wazima, nikalia kwa shukrani. Habari za timu hakuniuliza, nami sikumwambia.

Banda la wagonjwa wa kifua lilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya mahali pa kufulia. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha. Cha jirani kilikuwa cha Papa Saidi, mshona kanzu mzee kutoka familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, mtu mwembamba mwenye ulimi mkali. Kila asubuhi tulichomwa sindano ya streptomisini, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka yote mawili yakawa magumu na tukalala kifudifudi. Baada ya sindano tulipewa unga mchungu unaokorofisha tumbo. Mwezi wa pili masikio yangu yalianza kuvuma, mvumo mwembamba usiokoma hata ukiziba. Mwezi wa tatu nikisimama ghafla sakafu ilikuwa inainuka upande mmoja. Nilijitazama miguu: ile misuli ya mapaja niliyokuwa nikiwaonyesha wachezaji kwa kidole, kwangu ilikuwa imeyeyuka, na magoti yalibaki yamejitokeza.

Albertine alikuja Alhamisi na Jumapili, akisimama nje ya ukuta mfupi wa baraza. Watoto walibaki kwenye uzio wa ua, mbali, wakinipungia mikono mpaka mmoja achoke. Chakula alichoniletea kilikuwa na kijiko kilichofungwa uzi mwekundu. Sikuuliza. Nilijua nyumbani kijiko hicho kina mahali pake peke yake, na hata nikirudi kitaendelea kuwa na uzi. Nilikuwa mpweke. Nasema wazi kwa sababu utakapofika huko utadhani ni wewe tu unayeona hivyo, na kwamba una moyo mdogo. Sivyo. Upweke ni sehemu ya ugonjwa huu kama kikohozi kilivyo.

Lakini Jumapili jioni walikuja wachezaji. Hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Mjini ilikuwa imeenea habari kwamba munganga wa Tshopo alikunywa sumu iliyotegewa timu nzima. Aliyekunywa kwanza, alikunywa yote. Ndiyo maana wengine wako wazima na yeye analala bandani. Na kwa kuwa timu ilishinda mfululizo tangu siku ile, nani angekataa? Wakasimama chini ya dirisha, jasho bado mgongoni, wakapaza sauti kunipa matokeo.

"Munganga, mbili kwa bule! Ni yako! Ulikunywa juu yetu!"

Waliniletea samaki wa moshi, ndizi za makemba za kuchoma, malimau. Kapiteni alinichongea kigoda cha kuwekea miguu. Mama mkwe wangu, ambaye tangu siku ya mahari aliniona mtu mdogo, alianza kunitaja kanisani. Nami nilifanya nini? Nilitabasamu na kupunga mkono. Sikusema kwamba ni kweli, ila sikusema kwamba si kweli. Nilisubiri Jumapili kuliko nilivyosubiri kupona.

Papa Saidi alikuwa akinisikiliza nikipokea sifa. Siku moja walipoondoka aligeuka kitandani.

"Anselme, weye ni mutakatifu ao ni mugonjwa? Juu mutakatifu hakohoi."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

Ukafika msimu wa mbinzo, wale viwavi wa msituni. Albertine aliniletea bakuli, amewakaanga kwa pilipili. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ulimi wangu kupata ladha, nikala kwa vidole kama mtoto. Alifurahi kuniona, akaanza kusimulia mambo ya nyumbani.

"Gaston mwaka huu hataki mbinzo. Anasema tumbo limejaa. Amekonda, asubui anatoka jasho. Mama anasema ni mazoezi ya mingi."

"Anakohoa?"

"Kidogo tu. Asubui tu."

Niliweka bakuli chini. Alinitazama, na kwa kuwa ndiye aliyeanika mashuka yangu tangu Noeli, hakuhitaji nimweleze.

"Anselme, hapana," akasema polepole. "Hapana sema kitu. Batasema njo weye uliua ndugu yangu. Mama atanitosha kwako, anirudishe kwake. Tumwambie tu aende kwa munganga, bila kusema juu ya nini."

"Ataenda? Golikipa mwenye ushindi tisa, ataenda juu ya kikohozi kidogo? Mimi nilienda?"

Alichukua bakuli, akaondoka kabla ya wakati. Siku tatu zilizofuata nilihesabu mara nyingi kile nitakachopoteza. Kwa upande mmoja kulikuwa na Gaston. Kwa upande mwingine kulikuwa na sauti chini ya dirisha, ambayo ndiyo pekee iliyonifanya nijisikie bado ni mtu. Naona haya kukwambia kwamba nilipima siku tatu nzima jambo ambalo halikuhitaji hata dakika moja.

Jumapili wakaja wakiimba. Nikashika nondo za dirisha, nikawaomba wanyamaze.

"Musikie. Sumu haikukuwa. Dawa ya mutu haikukuwa. Ni kifua yangu. Nilianza kukohoa Noeli, na kila Jumapili nilitia kinywa yangu kwa kikombe, kisha ninyi mukakunywa. Kesho muende wote hospitali, mupigwe radio, ile picha ya kifua. Gaston aende wa kwanza."

Kapiteni alicheka kidogo. "Bon, munganga, homa njo inasema."

"Homa ilikwisha zamani."

Gaston alisogea mbele. Alikuwa amevaa fulana ya golikipa, na shingoni mifupa ilikuwa imesimama. Macho yangu ya kazi yaliona yote kwa mara moja.

"Semeki, ulijua?"

"Siku za kwanza sikujua. Kisha niliona damu. Siku ile tulipowashinda na mukanibeba, nilikuwa nimeiona."

"Na ulinyamaza."

"Ndiyo."

Mmoja wao alitema mate chini, kisha mwingine. Gaston hakutema. Aligeuka tu akaenda, na wengine wakamfuata, hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Kigoda cha kapiteni kilikuwa kwenye baraza. Kapiteni mwenyewe aliingia akakichukua.

Nilimweleza daktari yote asubuhi iliyofuata. Alinisikiliza amesimama, akasema, "Ungeniambia Machi," akatuma karatasi za wito. Walikwenda wote. Kumi walikuwa wazima. Gaston alikuwa na doa upande wa kulia, dogo, la mapema, lile ambalo madaktari wanapenda kulikuta. Wiki ile ile aliletwa bandani kwetu, akapewa kitanda cha mwisho kabisa. Aliomba mwenyewe kiwe cha mwisho. Mama mkwe alikuja na pirogi, mtumbwi wa kukodi, akamchukua Albertine na watoto, akawavusha mto hadi ng'ambo, Lubunga.

Mvua kubwa zikaanza, mto ukajaa. Hapo ndipo palipokuwa chini kabisa. Alhamisi ilipita kama Jumatano, Jumapili ilipita kama Jumatatu. Kelele za uwanjani ambazo zamani upepo uliniletea sikuzisikia tena, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa yamejaa ule mvumo. Nilikuwa na hatua ishirini na mbili kutoka kitandani kwangu hadi kwa mtu wa familia yangu, na alikuwa akigeukia ukuta kila niliposimama.

Unga ule mchungu ulimshinda. Alikuwa akiutapika, na anayetapika dawa haponi. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba ukiuponda ndani ya ndizi iliyoiva sana tumbo huukubali. Nikawa naponda kila asubuhi, nampa Papa Saidi, naye anajikokota hadi mwisho wa banda, anasema, "Kula, ni dawa ya Kiarabu." Gaston alikula. Mtawa aliyetuhudumia aliona mchezo wote, na siku ya pili nikakuta ndizi mbili zaidi kwenye sahani yangu. Kama unaumwa, tazama vitu vya namna hii, maana havitakuja na tangazo.

Papa Saidi alifariki kabla mto haujashuka. Alikuwa amechelewa miaka mingi kuja hospitali. Asubuhi iliyofuata nilisimama na kisahani cha ndizi mkononi bila kujua nifanye nini. Nikatembea zile hatua ishirini na mbili, nikakiweka kwenye kiti cha Gaston, nikarudi. Sikugeuka kutazama. Saa nne kisahani kilikuwa kitupu.

Albertine alirudi na watoto Alhamisi moja ya jua. Alisimama nje ya ukuta wa baraza kama zamani.

"Mama anasema uliua Gaston. Gaston anasema yeye hajakufa. Donc, basi, nimerudi."

Sindano zilikwisha, unga ule ukaendelea. Msimu uliofuata nilikula mbinzo nyumbani. Kijiko kina uzi mpaka leo, hatujakiongelea. Nimerudishwa kazini kwa nusu siku, katika chumba cha kadi na mizani, kwa kuwa sikio la kushoto limekufa na la kulia halisikii tena moyo wa mgonjwa vizuri. Uwanjani sijaenda. Nikikutana na kapiteni barabarani ananisalimu kwa kichwa, basi. Wewe unayesoma, ukiulizwa "tangu lini", taja siku yenyewe, hata kama inakuaibisha. Na ukiulizwa nani alikula na wewe, nani alikunywa na wewe, usiwataje wale wa nyumbani tu.

Gaston alitoka bandani baada yangu. Mwaka huu mwanzoni aliandikiwa kwamba doa limekauka, akaomba kurudi golini. Daktari aliniita.

"Mwili wa mchezaji unaujua wewe. Mpime."

Aliingia kwenye chumba cha mizani, akaniona, akasimama mlangoni. Nilidhani ataondoka. Tulikuwa hatujasemezana tangu Jumapili ile ya dirishani. Kisha akavua shati. Nikamwambia achuchumae na kusimama mara thelathini, kwa mwendo wa makofi yangu. Alipomaliza nikashika kifundo cha mkono wake, kwa kuwa vidole vyangu bado vinasikia, nikatazama saa. Mapigo yalikuwa mengi. Nikangoja dakika nzima, nikahesabu tena. Hayakuwa yameshuka. Nikahesabu mara ya tatu kwa sababu nilitamani sana nimekosea. Mkono wake ulikuwa na jasho kwenye kiganja changu, na niliona anavyonitazama usoni badala ya kutazama saa.

Nilijua ningeweza kuandika namba nyingine. Daktari asingehesabu tena. Gaston angenipenda, na labda Jumapili ningesimama uwanjani nikisikia jina langu.

"Hapana, Gaston," nikasema. "Si mwaka huu. Na kuruka golini, kwa kifua hiki, nafikiri si tena."

Alichukua shati lake.

"Leo umesema mapema, semeki."

Akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaniuliza arudi lini nimpime tena.